Upara si Dhahabu
Nimewasikia wengi hapa Mtwara wakisema kwamba upara wa watu wazima huletwa na kofia, au na kubeba matenga ya samaki kichwani. Sivyo. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Basi chanzo ni homoni ya kiume pamoja na urithi wa baba na mama: mashina ya nywele husinyaa polepole, na nywele huwa nyembamba.

Yafaa tulijue jambo hili. Mwaka 2017 huko Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, katika mkoa wa Zambezia, wanaume wenye upara waliuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Ndugu msomaji, ujinga huua. Kichwani mwao mna ubongo tu, kama mwako.