Muhogo mzuri kwa majani, mbovu kwa ndani

Wandugu wakulima wa Kilwa, mara hii tuongee juu ya bukari yetu.

Kuna ugonjwa wa muhogo unaoozesha mizizi ikiwa bado ndani ya udongo, na majani yanaweza kuonekana mazuri tu. Ukikata muzizi unaona madoa ya kahawia, makavu na magumu. Mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba umekutwa Chienge, ng'ambo ya ziwa Mweru. Nzi weupe wanausambaza karibu-karibu. Mbali, ni sisi watu tunaubeba na miti ya kupanda. Na mitumbwi inavuka kila siku.

Mimi pia nilianguka. Musimu mumoja niligawa miti nikitazama majani tu. Wakati wa kuvuna mama mumoja aliniletea muzizi, akaukata mbele yangu, hakusema kitu. Tangu siku ile ninatembea na kisu.

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey, kule Amani, Tanzania ya leo, kituo kikubwa kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Pale walichanganya muhogo na jamaa yake, mti ule unaotoa mpira, ili wapate mbegu yenye nguvu. Kazi ilisimama miaka ya 1950, lakini mbegu ilisafiri mpaka Ibadan, Nigeria. Huko kituo cha IITA, kilichoundwa 1967, kilitoa aina zinazovumilia ugonjwa wa mozaiki, na uzao wake ulifika hata Congo. Aina ingine ya Amani ilibaki kwa wakulima wa pwani: Kenya wanaiita Kaleso, Tanzania Namikonga. Miaka mingi kisha, watafiti waliifuata kule mashambani, sababu inavumilia uozo wa mizizi.

Basi labo kubwa inahitaji macho yetu pia. Mbele ya kukata miti, ng'oa mashina matano kwenye pembe mbalimbali za shamba. Kata kila muzizi vipande-vipande, si ncha tu. Ukiona kahawia, shamba lile lisitoe miti hata kidogo, hata kwa shemeji. Mizizi mizuri inaenda kwenye chungu, hakuna hasara.

Komite iandike kwenye daftari kijiji, aina ya muhogo na tarehe, impe inspekta wa kilimo, habari ifike INERA ya Kipopo, karibu na Lubumbashi. Miti inakatwa mbele ya mvua ya kwanza. Daftari ifunguliwe sasa.