Nyama laini inaanza kwa ndume

Mkikata nyama mutaona michirizi myeupe ya mafuta ndani ya nyama yenyewe, si yale mafuta ya juu. Ndiyo inaleta utamu. Ndama anairithi nusu kwa baba, nusu kwa mama, katika damu, ile wataalamu wanaita jeni. Lakini jike anazaa ndama 1 kwa mwaka, tena akizaa. Ndume 1 anapata 20 na zaidi. Sasa mbona ndume mzuri ndiye anauzwa mbele Bunia, juu ya minervali, na kale kadhaifu kanabaki kupanda majike?

Ndume mzima hatuwezi kumpasua tutazame. Basi tazameni nyama ya wandugu zake siku wanachinjwa, muandike.

Ankole wetu ana damu ya zebu. Damu hiyo inavumilia jua na kupe, lakini mara nyingi nyama inakuwa ngumu kidogo. Na ngombe akila majani makavu tu, michirizi haitokei, hata baba yake awe nani.

Ndume wa kooperative asipande binti zake: kisha miaka 2 ao 3, mubadilishane na kooperative ingine.