SOMO LA WAZAZI: KIDATO NI MAHALI PA KUKANYAGA



Leo tutazame neno tunalolitamka kila Januari: kidato. Wakwezi wa pwani huchonga vidato katika shina la mnazi ili wapate pa kukanyaga. Basi Kidato cha Kwanza ni hatua ya kupandia. Mtoto wa mkulima wa Namanyere au wa mvuvi wa Kirando akitaka kuwa mwuguzi au mwalimu, hana budi kupita hapo. Kupanda huko si kutafuta fahari. Ni kupata kipato cha uhakika, mtu aweze kumtibu mgonjwa wake bila kuuza mahindi ya chakula.

Je, ni mambo gani yanayomzuia?

Kwanza, gharama. Serikali iliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, madaftari, na chumba cha kupanga kwa atokaye mbali, bado ni juu ya mzazi.

Pili, lugha. Shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto aingiapo sekondari, hisabati, biolojia na jiografia zote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifundishie hata sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Wenye fedha huwapeleka watoto wao shule za mchepuo wa Kiingereza tangu mwanzo. Hatimaye wote hufanya mtihani mmoja.

Tatu, maneno yetu. Mtoto akipata alama mbaya muhula wa kwanza, twasema, "Hana akili, arudi shambani." Kumbe akili anayo, alichokosa ni pa kukanyaga.

Tufanyeje? Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanywa Septemba. Kuanzia hapo hadi Januari mtoto asiachwe bure: asome Kiingereza saa moja kila siku, akisaidiwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Tena, wakati wa mavuno, tutenge magunia ya sare na chumba kabla ya kuuza mengine.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika mtaa wenu, ni nani awezaye kuwafundisha watoto hao?
2. Je, binti hupewa saa ya kusoma sawa na kaka yake?