Gunia la Mboga na Ujirani

Kibera, upande wa kusini-magharibi ya Nairobi, hapo zamani palikuwa msitu, na jina lenyewe latokana na Kinubi. Askari Wanubi wa King's African Rifles walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakilima na kufuga. Siku hizi nyumba zimebanana hata ni shida kupata ardhi ya kupandia mche mmoja. Walakini kilimo hakikukoma. Kimehamia ndani ya gunia.

Kilimo hicho kilienea hasa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwanzoni mwa 2008 zilizuka fujo, reli ipitayo Kibera iling'olewa, na chakula kikawa ghali. Mwaka huohuo shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwafundisha wakazi kupanda mboga katika magunia.

Gunia husimamishwa wima, na katikati huwekwa mkebe usio na kitako, uliojaa mawe madogo. Kando yake hutiwa udongo uliochanganywa na samadi. Mkebe huvutwa juu kidogo kidogo na kujazwa tena, hata nguzo ya mawe ikafika mdomoni mwa gunia. Maji yakimiminwa juu hupita katika mawe na kuifikia mizizi yote. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia sukuma wiki. Maji ya mtaro yasitumiwe, maana yana maradhi.

Kazi hiyo si ngumu. Ugumu ni mahali, kwa kuwa mpangaji hana kiwanja. Gunia hukaa mlangoni au kando ya njia, ambapo mbuzi na mpita njia hulifikia. Mama aondokaye alfajiri kwenda kibaruani hana budi kumtegemea jirani. Kwa hiyo jirani huyo aombapo majani machache jioni, hapewi sadaka. Hulipwa ujira wake.

Uhusiano wa namna hii huzaa chama. Kila juma wenzi hutoa kiasi kilekile cha fedha, na mmoja hupokea zote kwa zamu. Huko Kawangware, magharibi ya mji, wako wengi wenye shamba kwao bara. Mtu wa namna hiyo zamu yake ikifika kabla ya masika, hutuma fedha nyumbani kwa M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, zikanunue mbolea. Baada ya mavuno huenda naye akaletewa mahindi kwa basi.

Lakini chama kina ukali wake. Hakidai hati ya shamba. Rehani yake ni uso wa mtu mbele ya wenzake. Mgonjwa asiyelipa majuma mawili aweza kurudishwa nyuma katika zamu, na mvua haimngojei. Ndiyo sababu vyama vingine huweka mfuko wa pili, kwa ajili ya ugonjwa na mazishi tu. Atakaye kujiunga yafaa aulize habari za mfuko huo kabla ya kutoa mchango wake wa kwanza.