Mkaa wa kuchomea nyama

SWALI: Nachoma nyama kwa jiko la udongo hapa Tukuyu. Mkaa wa bei nafuu unatoa cheche na kuisha upesi. Ninunue upi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mvua za Rungwe, ogopa kwanza mkaa uliolowa: ni mzito mkononi, unatoa moshi na kupasukapasuka. Gonganisha vipande viwili. Mkaa mkavu wa mti mgumu hulia kama chuma. Huo hukaa na moto. Wa paini ni mwepesi, unawaka haraka na kuisha haraka. Lumbesa isikudanganye, omba kuona chini ya gunia, kwenye chenga zinazoziba matundu ya jiko. Ukimaliza, usizime kwa maji, udongo utapasuka. Ziba mlango wa hewa. Na hata baridi ikizidi, tafadhali usilale na jiko chumbani: hewa yake inaua.