Mimea ya kivuli kikavu



Kila mwaka maua yanapandwa chini ya miti ya avoka na ya mikaliptusi, na kila mwezi wa Juni yanakauka. Wadogo zetu wanabeba bidoni za maji asubuhi kabla ya masomo, lakini bure. Udongo unabaki uchi, halafu mvua kubwa ikirudi inaupeleka bondeni. Sisi wafinalisti tunaona dawa yake ni kuchagua mimea vizuri.

Sababu gani pale ni pakavu, na hapa kwetu Omate mvua ni nyingi? Kwanza, majani ya mti yanazuia mvua ndogo, nayo inakauka juu kule kule. Pili, mizizi ya mti inakunywa maji yote, zaidi sana ya mkaliptusi. Tatu, chini ya ukingo wa bati mvua haiingii hata kidogo. Basi mmea wa pale uko na njaa mbili: ya mwanga na ya maji.

Pima hivi: siku mbili baada ya mvua, chimba kidogo na ukamate udongo mkononi. Ukishikamana, kivuli hicho kina maji, panda mateke. Ukimwagika kama majivu, chagua hii:

1. Sansevieria, ile ya majani marefu, magumu, yenye kusimama kama panga. Siku hizi wataalamu wanaihesabu katika Dracaena. Inaweka maji ndani ya majani.

2. Dracaena ya kupanda kwenye mipaka ya mashamba. Kata fimbo, ichomeke, itaota. Mizizi yake inashika udongo.

3. Chlorophytum, ya majani membamba, mara nyingi yenye mstari mweupe. Mizizi yake minene ni akiba ya maji, na inazaa watoto wengi wa kugawa bila kununua.

4. Nanasi, lakini pale tu jua linapoingia kidogo. Linafungua vitundu vya majani usiku ili kuvuta hewa ya kaboni, na mchana linavifunga. Kwa hiyo linapoteza maji kidogo. Kivulini tunda linachelewa, tena ni dogo.

Maharagi, mahindi na lengalenga tusiyapeleke pale, yanataka jua.

Namna ya kupanda: tungoje mvua za Septemba. Tuchimbe katikati ya mizizi mikubwa bila kuikata, tutie mbolea ya takataka, tufunike udongo na majani makavu. Tumwagilie majuma ya kwanza mpaka mmea ushike. Kisha bidoni zitapumzika, na wadogo zetu wataingia darasani kwa wakati.

Kazi ya kufanya: kabla ya salongo ijayo, kila darasa lipime udongo wa sehemu yake na kuandika majibu kwenye karatasi. Mtu asilete mmea mbele ya kupima.