Kumsafirisha Mbwa au Paka kwa Ndege Kutoka Kakamega Hadi Ulaya

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kakamega anayehamia nchi ya Umoja wa Ulaya na hataki kumwacha mbwa au paka wake nyuma. Safari inapitia uwanja wa ndege wa Kisumu, kisha Jomo Kenyatta, Nairobi. Anayekwenda Uingereza au Marekani atafuata hatua hizi hizi, akiongeza masharti yaliyotajwa katika Hatua ya 2.

Tenga miezi mitano. Muda wa chini kabisa ni kama miezi minne na siku chache, lakini ukipanga kwa muda wa chini, kosa moja dogo litakugharimu safari. Fuata mpangilio kama ulivyo. Hatua ya 4 ikifanywa kabla ya Hatua ya 3, haihesabiwi, hata kama daktari ni mzuri na chanjo ni halisi.

Maneno manne yana maana moja tu humu. Chipu ni kifaa chenye ukubwa wa punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi, chenye namba ya kumtambulisha mnyama. Kipimo ni kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha kingamwili dhidi ya kichaa cha mbwa. Cheti ni cheti cha afya cha kimataifa kilichotiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali. Kizimba ni sanduku gumu la kumsafirishia mnyama.

Andaa sasa: daftari moja, faili moja la plastiki lisilopitisha maji, tepu ya kupimia ya sentimita, na kalamu ya wino usiofutika.

Hatua ya 1. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa.
Awe kwenye orodha ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB. Wahudumu wa mifugo wenye astashahada au diploma ndio wanaotufaa vijijini, kuanzia Shinyalu hadi Malava, na kazi yao naiheshimu sana. Hata hivyo, karatasi za safari hii zinadai saini ya daktari mwenyewe. Mpigie simu kabla ya kwenda: "Habari ya asubuhi, daktari. Una chipu za viwango vya ISO 11784 na 11785, na una skana ya kuzisoma?" Kama hana, mwombe aagize na akupe tarehe. Usikubali achanje kwanza huku mkisubiri chipu.
Hakiki: andika daftarini jina lake, namba yake ya usajili na namba ya simu.

Hatua ya 2. Andika masharti ya nchi unakoenda.
Yachukue kwa mamlaka ya mifugo ya nchi hiyo au ubalozi wake Nairobi, si kwa jirani aliyesafiri mwaka juzi. Kwa Umoja wa Ulaya, Kenya haimo katika orodha ya nchi zenye masharti nafuu. Kwa hiyo mnyama anahitaji chipu, chanjo, kipimo, muda wa kusubiri na cheti. Sababu ipo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912 na bado kinaua watu. Mkakati wa taifa wa kukitokomeza unahusu miaka ya 2014 hadi 2030, na majirani zetu Kisumu na Siaya walikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuutekeleza.
Ongeza haya panapohusika:
- Uingereza: kwa ndege, mnyama huingia kama shehena tu, haingii na abiria. Mbwa hupewa pia dawa ya tegu na daktari, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Sharti hilo la tegu lipo pia Ireland, Finland, Malta na Norway.
- Marekani: tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa anayetoka Kenya lazima awe amefikisha miezi 6, awe na chipu, fomu ya kuingiza mbwa ya CDC (shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa), fomu ya chanjo iliyoidhinishwa na daktari wa serikali, na nafasi iliyolipiwa katika kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC kwenye uwanja atakaotua. Asiye na kipimo kinachokubalika huwekwa karantini siku 28.

Hatua ya 3. Weka chipu.
Daktari huichoma kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega. Kabla ya kuichoma, asome namba yake kwa skana ikiwa bado ndani ya sindano. Akishaichoma, asome tena juu ya ngozi. Namba mbili hizo zilingane na stika iliyokuja na chipu.
Hakiki: hesabu tarakimu. Ziwe 15, si 14 wala 16. Bandika stika moja kwenye daftari na nyingine kwenye kadi ya chanjo. Soma namba kwa sauti, daktari aifuate kwa kidole kwenye kadi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tarakimu mbili zilizopishana kwenye kadi zinatosha kumfanya ofisa wa Ulaya aseme huyu si mnyama wa karatasi hizi.

Hatua ya 4. Chanja dhidi ya kichaa cha mbwa.
Chanja siku ile ile ya chipu, baada ya chipu, au siku yoyote inayofuata. Mnyama awe na umri usiopungua wiki 12.
Kama mbwa wako alichanjwa katika kampeni ya kaunti, kwa mfano ile ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, na wakati huo hakuwa na chipu, chanjo hiyo ilimkinga lakini kwa safari hii haipo. Achanjwe upya.
Hakiki: kadi ionyeshe namba ya chipu, tarehe ya chipu, tarehe ya chanjo, jina la chanjo na mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa kinga, saini na muhuri. Pengo moja likibaki, usiondoke kliniki.

Hatua ya 5. Toa damu kwa ajili ya kipimo.
Subiri siku 30 kamili tangu chanjo. Damu huchukuliwa na daktari, majimaji yake hutenganishwa, huwekwa kwenye baridi, kisha hupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Mwombe daktari akuonyeshe jina la maabara kwenye orodha ya Umoja kabla hajatoa damu, kwa kuwa majibu ya maabara isiyomo hayakubaliki. Fomu inayoandamana na sampuli iwe na namba ya chipu, iliyosomwa upya kwa skana siku hiyo hiyo, si kunakiliwa kwenye kadi.
Hakiki: majibu yaonyeshe kiwango kisichopungua IU 0.5 kwa mililita. Kikipungua, rudi Hatua ya 4.

Hatua ya 6. Hesabu tarehe ya kwanza ya kusafiri.
Hesabu miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Usihesabu tangu majibu yalipofika. Mfano:
- Tarehe 5 Januari: chipu, kisha chanjo.
- Tarehe 4 Februari: siku 30 zimetimia. Toa damu tarehe 6 Februari, ili siku mbili zibaki za akiba.
- Tarehe 6 Mei: miezi 3 imetimia. Safiri tarehe 7 Mei au baadaye.
Kwa hesabu hii, mtoto wa mbwa aliyezaliwa Kakamega hawezi kuingia Ulaya kabla ya kukaribia miezi 7. Usimchukue mtoto wa paka wa wiki nane ukitumaini kusafiri naye mwezi ujao.
Hakiki: kinga ya chanjo isiishe kabla ya siku ya kufika. Itakayoisha irudiwe kabla ya tarehe yake. Ikirudiwa kwa wakati, kipimo hakirudiwi.

Hatua ya 7. Weka nafasi ya ndege.
Sasa ndipo unanunua tiketi. Mnyama husafiri kwa njia moja kati ya tatu: ndani pamoja na abiria, msimbo PETC, chini kama mzigo wa abiria, msimbo AVIH, au kama shehena, kwa karatasi yake yenyewe. Uliza kila shirika la ndege kwenye safari yako, la Kisumu–Nairobi na la Nairobi–Ulaya, linakubali njia ipi, uzito gani na kizimba cha ukubwa gani. Jibu la shirika moja haliyafungi mengine. Nafasi za wanyama kwa kila ndege ni chache, kwa hiyo pata uthibitisho wa maandishi kabla ya kulipia tiketi yako mwenyewe.
Mbwa na paka wa pua fupi, kama pagi, buldogi na paka wa Kiajemi, hupata shida ya kupumua kwenye joto. Mashirika kadhaa hayawachukui chini ya ndege. Uliza kwa kutaja aina.
Mwenye mnyama asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mnyama wake, na wanyama wasizidi 5. Nje ya hapo, safari huhesabiwa kuwa ya biashara na masharti hubadilika.
Hakiki: ndege ya Kisumu ikikataa mnyama, panga gari hadi Nairobi. Ni zaidi ya kilomita 350. Simama kila baada ya saa 2 au 3 umpe maji.

Hatua ya 8. Pima mnyama, kisha tafuta kizimba.
Msimamishe kwenye sakafu tambarare, mtu mmoja amshike, mwingine apime kwa sentimita:
- A: kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia.
- B: kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele.
- C: upana wa mabega.
- D: kutoka sakafuni hadi utosini, au ncha ya sikio kama sikio limesimama juu zaidi.
Ndani ya kizimba, urefu uwe A jumlisha nusu ya B. Upana uwe C mara mbili. Kimo kiwe D jumlisha unene wa tandiko. Mbwa wa kienyeji mwenye A 58, B 26, C 18 na D 54, kwa tandiko la sentimita 3, anahitaji kizimba cha urefu wa 71, upana wa 36 na kimo cha 57. Kwa wa pua fupi, ongeza asilimia 10 katika urefu, upana na kimo.
Kizimba kiwe cha plastiki ngumu, mbao au chuma, mlango wa wavu wa chuma, matundu ya hewa pande zote nne, vipande vifungwe kwa bolti na nati za chuma, magurudumu yaondolewe. Vyombo vya maji na chakula vijazwe kutoka nje bila kufungua mlango. Fundi seremala wa Kakamega anaweza kukitengeneza kwa plaiwudi, mradi umpe urefu, upana na kimo kwa maandishi na umkataze kuacha msumari au ukingo mkali ndani. Bandika lebo za wanyama hai na mishale ya upande wa juu. Herufi zisipungue sentimita 2.5.
Hakiki: mnyama asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke mzima, alale amenyoosha miguu. Akishindwa moja, kizimba hakifai.

Hatua ya 9. Mzoeze kizimba.
Anza wiki nne kabla. Mlishe humo mlango ukiwa wazi, kisha umfunge kwa dakika chache, ukiongeza kidogo kidogo hadi alale humo usiku mzima. Hii ndiyo kazi ambayo hakuna ofisa atakayeikagua, na ndiyo itakayompunguzia hofu kuliko nyingine zote. Usimpe dawa ya usingizi. Angani dawa hizo huweza kushusha presha na kudhoofisha pumzi, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyepewa dawa hizo.

Hatua ya 10. Chukua cheti.
Daktari wako amkague mnyama, kisha peleka faili lote kwenye Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, DVS, Kabete, Nairobi, ambako daktari wa serikali huidhinisha. Kati ya kutolewa kwa cheti na kukaguliwa kwake Ulaya zisipite siku 10. Panga kwenda siku ya 5 au ya 6 kabla ya kufika: inakuachia muda wa kusahihisha bila kuvuka kikomo.
Hakiki: linganisha namba ya chipu kwenye karatasi zote, tarakimu kwa tarakimu. Piga nakala mbili. Halisi zikae kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 11. Safiri hadi Kisumu.
Chagua ndege ya asubuhi. Mvua ya Kakamega hupenda mchana, na Kisumu iko chini kwa zaidi ya mita 300, joto lake ni kali. Mpe mlo mwepesi wa mwisho kati ya saa 4 na 6 kabla ya ndege, maji asinyimwe. Kodi gari, kizimba kisipande bodaboda wala juu ya matatu. Ni kama kilomita 50 kupitia Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa. Fika saa 3 kabla ya ndege, kisha umtembeze mbwa kwa kamba ajisaidie.

Hatua ya 12. Kabidhi mnyama.
Toa karatasi kabla ya kuulizwa. Kizimba hukaguliwa kikiwa kitupu, kwa hiyo mshike paka kwa mkanda wa kifuani na kamba kabla ya kufungua mlango. Nairobi, kama tiketi ni mbili tofauti, mchukue mnyama na umkabidhi upya, ukiwapitia wakaguzi wa mifugo wa uwanjani.
Hakiki: kabla ya kupanda, mwulize mhudumu kama mnyama ameshapakiwa. Subiri jibu.

Hatua ya 13. Ripoti kwa forodha unapotua.
Ingia Ulaya kupitia uwanja ulioidhinishwa kupokea wanyama wa wasafiri. Pita njia ya wenye bidhaa za kutangaza. Ofisa atasoma chipu kwa skana na kuilinganisha na cheti. Hifadhi faili lote: chanjo inayofuata irudiwe kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ukitaka kumrudisha Kakamega, omba kibali cha kumwingiza kutoka DVS kabla ya kununua tiketi ya kurudi.